Mwenye Nyumba na Wapangaji Wake katika Fasihi ya Unguja

Miongoni mwa watu wanaojulikana sana mjini Unguja na wasiojulikana sana katika vitabu vya Unguja yumo mwenye nyumba anayepangisha vyumba na kuishi humo humo pamoja na wapangaji wake. Simkusudii mwinyi wa shamba, mwenye mikarafuu na kasri. Huyo amekwisha andikwa, tena kwa wino mzito. Namkusudia mwenye nyumba moja, aghalabu mjane au mtu aliyekwisha staafu kazi, mwenye vyumba vitano au sita na ufunguo wa mlango wa mbele, ambaye kodi yake si kubwa wala mali yake si nyingi, lakini hapiti ukumbini bila ya kuona kasoro. Ndoo imewekwa mahali pasipo pake. Mlango umefungwa kwa kishindo. Mgeni wa jana alikohoa sana baada ya sala ya Isha. Wapangaji humwita kwa jina la heshima mbele yake, na nyuma yake humwita kwa majina ambayo jarida la chuo haliwezi kuyachapa.

Nataka kuuliza katika makala haya kwa nini mtu huyu, ambaye kila mkazi wa mji amewahi kukaa naye au kumkimbia, hakupewa nafasi katika riwaya zetu. Na baada ya kuuliza hivyo nitadai kwamba kukosekana kwake kunatufundisha jambo juu ya uhakiki wetu wenyewe. Msomaji anivumilie nikianza na nyumba kabla ya vitabu, maana maneno ya mtu huyu hayafahamiki mpaka ijulikane nyumba ambamo yanasemwa.

Nyumba ya Ng'ambo, yaani ile iliyojengwa upande wa pili wa hori lililotenga mji wa mawe na vitongoji vyake kabla ya hori lile kufukiwa, ina umbo linalojulikana pwani nzima. Mbele pana baraza. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, na vyumba vimepangwa kushoto na kulia. Mwisho wa ukumbi pana mlango wa uani, na uani pana jiko, mahali pa maji na choo. Nyumba ya namna hii ilifaa kwa jamaa wa ukoo mmoja, lakini ilifaa vile vile kukodishwa chumba kimoja kimoja, na ndivyo ilivyokuwa mji ulipojaa watu kutoka mashamba, Bara na Ngazija. Zamani viambaza vya kati mara nyingi havikufika kwenye paa, kwa hiyo sauti ilipita juu kutoka chumba hadi chumba. Mtu akinong'ona chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza hujua kama ni habari ya kodi au ni habari ya ndoa.

Katika Mji Mkongwe mambo ni mengine kwa umbo, lakini kwa desturi ni yale yale. Nyumba zile za mawe ya matumbawe na chokaa zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti haziwezi kubeba dari pana. Ilipotokea nyumba ya tajiri mmoja ikagawiwa jamaa sita au saba, kila mmoja alipata chumba, na ngazi, ua wa kati na choo vikabaki vya wote. Chokaa nayo ina tabia yake: isipopakwa upya kila baada ya muda hunywa maji. Choo cha juu kikivuja, boriti za chini huoza. Aliye chini humlaumu aliye juu, aliye juu humlaumu fundi aliyekwisha kufa, na mwenye nyumba huwalaumu wote wawili.

Sasa tumsikilize. Bibi mwenye nyumba amekaa uani, ungo uko mapajani, anachagua mchele. Mtungi wa maji umeachwa wazi. Hamwiti mtu. Anauambia mchele: "Siku hizi paka wamejifunza kufunua mtungi, kuufunika ndiko ambako hawajakujua." Ni sentensi moja tu, na mtu wa mbali akiisikia ataiona ni mzaha. Walakini mwanafunzi wa lugha aitazame vizuri, kwa maana ni kazi ya ufundi mkubwa. Kwanza haina mwambiwa, na maadam haina mwambiwa haina jibu. Atakayejibu amekiri kwamba yeye ndiye paka. Pili imesemwa mahali ambapo wote wanasikia, na kila asiyehusika amefanywa shahidi bila ya kuulizwa. Tena inachekesha, na wakicheka wapangaji wengine wamekwisha kuhukumu. Mpangaji aliyeacha mtungi wazi yumo chumbani mwake, amesikia, na amejua kwamba nyumba nzima inajua kuwa amesikia.

Atafanya nini? Mjinga hutoka akagombana, na hapo hapo hukosa: ameonyesha kwamba hana adabu, jambo ambalo ndilo lililokuwa likidaiwa. Mwerevu humjibu kwa njia ile ile. Humwita mtoto wake na kumwambia kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu, funika mtungi, usije ukaitwa paka na hali una miguu miwili." Au hungoja mpaka jioni akatoka na khanga yenye maneno yake. Haya ni majibizano ya hali ya juu, na watu wa Unguja huyasimulia kwa furaha hata miaka mingi baadaye. Lakini mimi sioni kwamba mpangaji ameshinda. Amejibu fumbo kwa fumbo, na kwa kufanya hivyo amekubali kwamba uwanja wa mchezo ni uani kwa mwenye nyumba na sheria za mchezo ni zake. Kesho asubuhi kodi ni ile ile na mtungi ni ule ule.

Kuna neno jingine la kuchunguliwa, nalo ni *mwanangu*. Bibi mwenye nyumba humwita mpangaji wake mwanangu, hata kama mpangaji ana mvi, na mpangaji humwita mama au Bi Mkubwa. Wageni husifu upole wa desturi hii, na upole umo. Lakini neno hili lina kazi. Kodi ni mapatano ya watu wawili walio sawa mbele ya sheria: huyu anatoa chumba, huyu anatoa fedha. Mara linapoingia neno mwanangu mapatano yale hufichika, na mahali pake panakuja malezi. Mwana hufundishwa adabu. Mwana haulizi risiti. Mwana akiambiwa chungu chake kinanuka hashitaki, hutubu. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeonya na kukosoa mchana kutwa hajioni kuwa ni mtu mwovu. Yeye anajiona mlezi, na anashangaa kwa dhati kuona watu hawakai kwake zaidi ya miezi minne.

Na pale mlezi anapochoka, huja neno la mwisho: "Kwani kwenu hawafagii?" Uzito wote umo katika *kwenu*. Sentensi hii ilianza na ufagio na imeishia na asili ya mtu. Makunduchi, Pemba, Ngazija, Unyamwezini, kila mtu ana kwao, na kila kwao kunaweza kutajwa. Katika mji ambao historia yake imejaa hesabu za nani mwungwana na nani si mwungwana, nani wa mji na nani wa kuja, neno lile humtoa mpangaji nje ya nyumba bila ya kumtoa. Anabaki chumbani, analipa, lakini amekwisha kuambiwa kwamba yeye ni mpita njia.

Lugha hii ya malezi ina historia, na historia yenyewe imeandikwa. Katika karne ya 19 wenye ardhi wengi wa Ng'ambo waliwaachia watumwa wao, mahuru wao na wafuasi wao kujenga vibanda katika viwanja vyao bila ya malipo. Kile kilikuwa kinaitwa hisani, na hisani haikuwa bure: aliyejengewa kwa hisani alidaiwa heshima, utumishi na kuonekana siku ya shughuli. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897 watu wakaanza kuishi kwa ujira, ardhi ya mji ikapanda thamani, na kidogo kidogo hisani ikageuka kodi ya kiwanja. Wenye ardhi, Waarabu na Wahindi, wakawa wanadai fedha kwa mahali ambapo baba na bibi za watu walikuwa wamejenga kwa kauli tu. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakakataa kulipa. Mgomo ule wa kodi za viwanja ulikuwa mkubwa, wanawake wengi wenye nyumba zao wakishiriki, na serikali ya Himaya ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi zile. Mwanahistoria Laura Fair ameueleza kwa urefu katika kitabu chake *Pastimes and Politics* cha mwaka 2001, na mwanafunzi wa fasihi atapata faida kubwa akikisoma, kwa sababu mwandishi yule hakutenga habari za kodi na habari za nyimbo, mavazi na mpira.

Jambo ninalolitoa katika mgomo ule ni hili. Waliogoma walikuwa na nyumba lakini hawakuwa na ardhi. Wengi wao ndio waliokuwa wakikodisha vyumba. Mtu yule yule aliyesimama mwaka 1928 kumkatalia mwenye kiwanja, jioni alirudi nyumbani akamwuliza mpangaji wake kwa nini taa inawaka mpaka usiku wa manane. Silisemi hili kwa kumdhihaki. Nasema kwamba alikuwa mpangaji kwa upande mmoja na mwenye nyumba kwa upande wa pili, na mtu wa namna hii ni mgumu kuandikwa na mwandishi anayetaka kujua mapema nani adhalimu na nani mdhulumiwa. Tena sheria inaweza kuzuia kodi isipande. Haikupata kutungwa sheria ya kuzuia ulimi. Nadhani, ingawa siwezi kuthibitisha kwa hesabu, kwamba mwenye chumba asiyeweza kumwongezea mpangaji kodi wala kumtoa kwa haraka hupata katika maneno njia ya kufanya kazi ambayo sheria imemnyima. Maneno yakizidi, mpangaji huondoka kwa hiari yake.

Mwaka ule ule wa mgomo, Siti binti Saad alisafiri Bombay pamoja na wenzake kutia nyimbo katika sahani za santuri. Shaaban Robert, katika wasifu wake uliochapwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, anamtukuza kama mfano wa mtu aliyetoka Fumba kuuza vyungu akafika kwenye fahari. Kitabu hicho ni kizuri kwa lugha, lakini Siti aliyemo ni mtu wa maadili kuliko mtu wa Ng'ambo. Siti wa nyimbo ni mwingine. Yeye na kikundi chake waliimba kesi za mahakamani, hila za makarani, na katika wimbo mashuhuri wa Kijiti wakaimba mauaji ya mwanamke na hukumu iliyowaangukia wasiostahili. Watu wamezoea kuziita nyimbo hizi gazeti la wasiojua kusoma. Sawa, lakini tutazame gazeti hili liliweza kumtaja nani. Liliweza kumtaja mwuaji aliyekwisha toroka. Liliweza kutaja mahakama, ambayo iko mbali na ina milango minene. Mwenye nyumba, aliye nyuma ya kiambaza na anayesikia mazoezi ya wimbo wenyewe, haimbwi kwa jina. Huimbwa kwa mafumbo, yakichanganywa na mapenzi, hata anayesikiliza leo hawezi kujua kama anayelaumiwa katika ubeti ni mpenzi asiye mwaminifu au ni mtu anayehesabu ndoo za maji. Nashuku kwamba nyimbo nyingi za taarabu tunazozisoma kama nyimbo za mapenzi zilitungwa uani, na zilimlenga mtu aliyekuwa akichagua mchele.

Riwaya ingeweza kufanya ambalo wimbo haukuliweza, kwa kuwa riwaya husomwa mbali na husomwa kimya. Haikufanya. Adam Shafi, ambaye ni bingwa wa kuandika mji huu, alianza na *Kasri ya Mwinyi Fuad* mwaka 1978, na humo mwenye nyumba ni bwana kamili: kasri, mashamba, watumishi, na bibi mzee Kijakazi anayemtumikia hali anatukanwa. Kitabu kina nguvu, lakini matusi ya Fuad ni matusi ya wazi. Hana haja ya fumbo kwa sababu ana fimbo. Uhakiki wa miaka ya 1970 na 1980 ulikipokea kwa shangwe kwa kuwa tabaka zilikuwa zinaonekana kama mchana na usiku, na toka hapo ikawa kama kwamba kila mwenye nyumba wa Unguja hapana budi awe Fuad au asiwepo. *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979, inaujenga mgomo wa makuli wa mwaka 1948, na nguvu yake iko bandarini. Nyumbani ni mahali pa kulala na kufiwa.

*Vuta N'kuvute* ya mwaka 1999 ndiyo iliyokaribia zaidi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anakimbia ndoa, anakataliwa na jamaa zake, na anapokewa Ng'ambo na Mwajuma. Kuanzia hapo Shafi anaandika maisha ya kugawana chumba vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsoma: kitanda kimoja, chakula cha leo, wageni wa usiku, nyimbo. Tungo hii inapendwa kwa haki, na Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Lakini sura ya anayepokea kodi haisimami mbele ya msomaji kama inavyosimama sura ya Raza au ya askari wa Kiingereza. Dunia ya Mwajuma ina uhuru mwingi mno. Wasichana wawili wanarudi usiku na wanaume wanaingia na kutoka, na nyumba nzima haina mtu wa kuuambia mchele neno. Msomaji aliyewahi kupanga chumba anasoma kurasa zile kwa wivu. Shafi alitaka Ng'ambo iwe mahali pa ukombozi, na mwenye nyumba mwenye maneno angemharibia. Hilo ni haki yake kama mtunzi. Wajibu wa mhakiki ni kuona kilichofutwa ili ukombozi ule uonekane mtimilifu.

Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kutoa visa vya Bwana Msa kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, alikuwa na jicho lililofaa kabisa. Bwana Msa huona majivu, doa, mlango ulioachwa wazi. Ni jicho lile lile la mwenye nyumba! Tofauti ni kwamba Bwana Msa akiona doa huuliza limetoka wapi, na mwenye nyumba akiona doa hujua tayari limetoka kwa nani. Laiti mwandishi yule angemhamishia mpelelezi wake katika nyumba ya vyumba sita, tungepata kitabu cha ajabu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 swali likageuka. Ardhi ikawa ya serikali, majumba mengi ya Mji Mkongwe yakachukuliwa, na watu wa Ng'ambo na wa mashamba wakapewa vyumba katika nyumba ambazo zamani waliingia kwa mlango wa nyuma. Nyumba nyingine zilikuwa za wakfu na zikaendelea kuwa hivyo. Mwenye nyumba sasa alikuwa ofisi. Ofisi haisemi na mchele, haihesabu wageni, haiulizi kwenu ni wapi. Wengi walipumua. Lakini kodi ilikuwa ndogo, haikutosha hata kununua chokaa, na jicho lililokuwa likiudhi kila asubuhi ndilo lililokuwa likiona pia tone la kwanza la maji darini. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000; Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka sehemu mwezi wa Disemba 2020. Siwezi kusema kwamba maneno ya mwenye nyumba yangeziokoa nyumba hizi. Nasema tu kwamba fasihi yetu ya baada ya 1964, iliyokuwa na nafasi ya kulinganisha ulimi usiotengeneza na ukimya usiotengeneza, haikulinganisha. Na leo, nyumba nyingi zikiwa hoteli, anayekosoa ni mgeni wa siku tatu, naye huandika kasoro zake mbele ya ulimwengu mzima. Mwenye nyumba ndiye anayezisoma kwa hofu.

Aliyeiandika vizuri habari hii ameiandika kwa Kiingereza, akiwa mbali. Katika *By the Sea* ya mwaka 2001, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, anamleta mzee Saleh Omar Uingereza kama mkimbizi. Mzee huyu alikuwa mfanyabiashara wa samani, na huko nyuma aliichukua nyumba ya jamaa wengine kwa deni, kwa karatasi halali na kwa matokeo mabaya. Sasa anapelekwa kulala katika nyumba ya mwanamke mmoja, Celia, anayepokea wakimbizi. Ni yule yule tunayemjua: maneno mengi, huruma kidogo, hakika kubwa kwamba nyumba yake ni fadhila kwa waliomo. Lakini Gurnah amempindua. Anayekagua ni mpangaji. Saleh Omar, mwenye jicho la miaka mingi la kupima mbao na vitambaa, anautazama uchafu wa chumba alichopewa na kuuhukumu kimya kimya, na msomaji anahukumu pamoja naye mpaka anapokumbuka kwamba jicho hilo hilo ndilo lililopima nyumba ya wenzake na kuitwaa. Hapo mwandishi ametupa kile ambacho Fuad hawezi kutupa: mtu ambaye amekuwa pande zote mbili za mlango, na ambaye ustadi wake wa kuona kasoro ni kipaji na ni dhambi kwa pamoja. Kwa Kiswahili hatujapata kitabu kama hiki juu ya jambo hili, na ni aibu kwetu, maana maneno ya uani ni mali ya Kiswahili na hayatafsiriki.

Nimesema kwamba jambo hili linatugusa sisi wahakiki wenyewe. Mwaka huo huo wa 1928, ambao kwa Unguja umejaa mambo, mkutano ulifanyika Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ikisoma miswada ya vitabu vya shule na kutoa idhini yake. Tangu siku zile lugha yetu ni nyumba ya kupanga: ukumbi mmoja, vyumba vingi, na mtu wa Unguja anayeamini, kwa sababu mpango wa nyumba ni wa kwao, kwamba funguo ni zake. Nimesikia wasomi wa mji huu wakimsoma mwandishi wa Bara kwa sauti ile ile ya uani. Hawamwambii kwamba kitabu chake hakina fikra. Wanauambia mchele kwamba siku hizi ngeli zimejifunza kutembea peke yake.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, ilizuka kelele iliyoendelea miaka mingi. Baadhi ya hoja zilikuwa za kweli na zilistahili kujibiwa. Ushairi wa mapokeo ni hazina, na aliyeacha mizani alipaswa aonyeshe ameweka nini mahali pake. Lakini hoja zile zilikuwa zikisemwa kwa lugha ya kumfundisha mpangaji namna ya kuning'iniza nguo. Ilidaiwa kwamba haya si mashairi, kama bibi anavyosema kwamba huku si kupika. Na chini yake mtu aliyezoea kupanga alisikia neno *kwenu*. Mashairi yenyewe yalisomwa kidogo sana katika zogo lile. Mwenye nyumba hali chakula cha mpangaji. Hunusa tu moshi.

Jambo moja katika ugomvi ule lilinishangaza nilipolifuatilia. Watetezi wa vina na mizani walikuwa na kitabu cha kutegemea, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani ya mtungaji wake. Kanuni za nyumba zilikuwa zimeandikwa na kubandikwa ukutani, na wengi walizinukuu kama urithi wa pwani. Aliyeziandika, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji, kwenye ziwa la Tanganyika, mwisho kabisa wa njia ya misafara.